Septrin, Vidonge vya Damu na Dawa za Kansa Zilizo Kwenye Utafiti: Mambo Ambayo Kamati za Parokia Zinapaswa Kuyajua

Katika toleo hili tumeona vema tuchukue kurasa nyingi kuliko kawaida kueleza jambo moja linalozihusu kamati zetu za huduma kwa wagonjwa, na linalowahusu pia wafadhili wanaotuchangia nauli na dawa. Jambo lenyewe ni dawa kukutana na dawa mwilini. Mgonjwa wa kansa anatumia dawa aliyopewa hospitali ya rufaa, pengine dawa ambayo bado iko kwenye utafiti, na huku nyumbani anameza dawa nyingine ambazo sote tunazijua: Septrin, diklofenaki, vidonge vya damu, dawa za kifua kikuu.

Mara nyingi dawa hizo za kawaida tunamnunulia sisi wenyewe. Mgonjwa amerudi Singida kutoka Ocean Road, Bugando au KCMC. Amekonda, ana homa, ana vidonda mdomoni. Kamati inachangishana, mjumbe anatumwa kwenye duka la dawa muhimu, na jioni ile ile mgonjwa anapata kitu cha kumeza. Ni tendo la huruma na hatuandiki ili kulilaumu. Lakini kwa baadhi ya dawa za kansa tendo hilo hilo linaweza kumrudisha mgonjwa hospitali akiwa hana chembe nyeupe za damu. Au linaweza kuifanya dawa aliyoifuata Dar es Salaam, karibu kilomita 700, isifanye kazi yoyote.

Pipa na koki

Dawa ikishaingia kwenye damu hufanya kazi yake, kisha mwili huitoa. Watoaji wakubwa ni wawili. Ini huivunjavunja kwa kutumia vimeng'enya, na figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Anayepanga kipimo cha dawa anakadiria kwamba mwili utaitoa kwa kasi fulani. Ni kama pipa la maji lenye koki chini. Ukijua koki inatoa ndoo ngapi kwa saa, utajua umimine ndoo ngapi ili maji yasifurike wala yasikauke.

Sasa akija mtu akaiziba koki bila kukuambia, pipa litafurika ingawa wewe umemimina kiasi kile kile. Akiifungua zaidi, pipa litakauka. Dawa moja inaweza kuifanyia nyingine hivyo. Tena kuna njia ya tatu, ambayo haihusu koki kabisa: dawa mbili zinazopiga mahali pamoja mwilini, kila moja kwa kipimo chake halali, lakini kwa pamoja pigo linakuwa kubwa mno.

Kwa dawa nyingi za kawaida mwili huvumilia kuzidi kidogo au kupungua kidogo. Dawa za kansa hazina nafasi hiyo. Nyingi ni sumu zilizokusudiwa kuua chembe zinazozaliana haraka, na haziwezi kutofautisha vizuri chembe za uvimbe na chembe za uboho wa mifupa zinazotengeneza damu, wala na utando laini wa mdomo na utumbo. Ndiyo maana wagonjwa wetu hurudi na vidonda mdomoni.

Uvimbe wa taya na historia yake katika Afrika Mashariki

Mfano tulio nao karibu zaidi unaanzia Kampala. Dk. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto ambao baadaye ulipewa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya karibu maili 10,000, wakipita hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misheni, wakiuliza swali moja: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yakaonyesha kwamba uvimbe huo unapatikana mahali penye joto na mvua, yaani mahali penye malaria. Tunawaomba wasomaji waishike hoja hii ya malaria, kwa sababu tutairudia.

Miaka ile ya 1960 dawa za kansa za sindano na vidonge zilikuwa ni majaribio hata Ulaya na Marekani. Burkitt na wenzake walizipata kwa kiasi kidogo, zikiwamo methotreksati na siklofosfamidi, na wakaona kwa baadhi ya watoto uvimbe ukinywea ndani ya siku chache. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu na kuchunguza uvimbe huo kwa ushirikiano na taasisi ya kansa ya serikali ya Marekani. Leo kituo hicho ndicho Taasisi ya Kansa ya Uganda. Wageni walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, kazi haikufa. Iliendelezwa na Waganda wenyewe wakiongozwa na Dk. Charles Olweny.

Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road ilishirikiana na hospitali za Kenya na Nigeria kupima mchanganyiko wa dawa tatu ambao hospitali zetu zinaweza kuumudu: siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, na dawa nyingine ya akiba kwa wale ambao ugonjwa ungerudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 na Dk. Twalib Ngoma na wenzake. Wagonjwa walikuwa 356, na karibu 6 katika kila 10 walikuwa hai baada ya miaka 2. Kwa ugonjwa ambao usipotibiwa huua kwa wiki au miezi, hayo ni matokeo ya kumshukuru Mungu.

Sasa tuiangalie methotreksati yenyewe. Chembe ili izaliane inahitaji vitamini inayoitwa foliki asidi. Mwaka 1948 Dk. Sidney Farber wa Boston, Marekani, aliwapa watoto wenye kansa ya damu dawa inayoizuia vitamini hiyo, na kwa mara ya kwanza baadhi yao wakapata nafuu, ingawa ya muda. Methotreksati ni ndugu wa dawa ile. Inaifungia chembe ya uvimbe chakula chake.

Ndipo tunapokuja kwenye Septrin. Ndani ya kidonge cha Septrin mna dawa mbili, na zote zinapiga njia ile ile ya foliki, kwa kuwa bakteria nao huihitaji. Kwa mtu wa kawaida hakuna shida, maana kipimo chake kinamgusa bakteria zaidi kuliko binadamu. Kwa mtu aliyepewa methotreksati, uboho wa mifupa tayari umenyimwa foliki. Septrin inaongeza pigo juu ya pigo, na tena inazipunguzia figo uwezo wa kuitoa methotreksati. Koki imezibwa na pipa linaongezewa. Madaktari wamekwisha kuandika mara nyingi juu ya wagonjwa waliofikia hatua ya kuishiwa damu ya kila aina, nyekundu na nyeupe na chembe za kugandisha, kwa mchanganyiko huo.

Malaria nayo inaingia hapa. Dawa ya SP, ambayo wengi tuliizoea kwa jina la Fansidar, ilikuwa tiba ya kwanza ya malaria Tanzania kuanzia mwaka 2001 hadi dawa ya mseto ya ALU ilipoipokea mwishoni mwa 2006. SP nayo inapiga njia ya foliki. Siku hizi hutolewa kwa wajawazito kuwakinga na malaria, lakini vidonge vyake bado viko majumbani, na bado wapo wanaoviamini kuliko mseto. Mtoto mwenye uvimbe wa taya anatoka eneo lenye malaria. Akipata homa, mkono wa kwanza wa bibi yake utaenda kwenye kopo la dawa zilizobaki.

Vidonge vya damu vinafanya kinyume chake. Mtoto amerudi amepauka, viganja vyeupe, na jirani mwema anamletea vile vidonge vyekundu wanavyopewa wajawazito kliniki. Vidonge hivyo mara nyingi vina madini ya chuma pamoja na foliki asidi. Yaani wakati daktari anaufungia uvimbe chakula, sisi tunaupitishia chakula dirishani. Lipo jambo la kuongeza ili mtu asichanganyikiwe: wakati mwingine daktari mwenyewe humpa mgonjwa wa methotreksati dawa ya jamii ya foliki, kwa saa maalumu baada ya sindano, ili kuokoa chembe nzima. Saa ndiyo inayoleta tofauti, na saa hiyo anaijua yeye.

La mwisho kuhusu methotreksati ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na asprini. Hizi zinaweza kupunguza kazi ya figo, na methotreksati hutoka zaidi kwa njia ya figo. Diklofenaki ni dawa ambayo kwetu hununuliwa kama peremende, kwa mgongo, kwa meno, kwa uchovu wa kupalilia alizeti. Mgonjwa haioni kuwa ni dawa ya kutajwa kwa daktari, na kwa kweli akiulizwa, "Unatumia dawa gani nyingine?" hujibu kwa moyo safi, "Hakuna."

Ketokonazoli kwa vidonda vya mdomo

Vinkristini, ile ya pili katika mchanganyiko wa Ocean Road, hutengenezwa kutokana na mmea mdogo wenye maua ya waridi au meupe ambao asili yake ni Madagaska na ambao wengi wameupanda mbele ya nyumba bila kujua jina lake. Dawa hii huumiza mishipa ya fahamu ikizidi: ganzi miguuni, choo kufunga kabisa, tumbo kuvimba, hata degedege. Anayeivunja ni ini.

Mgonjwa wa kansa mara nyingi hupata utando mweupe mdomoni, yaani fangasi, na dukani atapewa vidonge vya fangasi. Ketokonazoli na itrakonazoli ni hodari sana wa kuzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja vinkristini, na flukonazoli nayo huzuia kwa kiasi. Kwa hiyo fangasi inapona na mishipa inaumia, na watu wanasema dawa ya kansa ndiyo iliyomlemaza mgonjwa. Ipo dawa ya fangasi ya kusukutua, nistatini, ambayo haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kuleta shida hiyo. Anayechagua ni daktari, lakini ni vizuri kamati ijue kwamba njia nyingine ipo.

Kifua kikuu na virusi vya UKIMWI

Hapa tunaomba umakini wa pekee, na tunaanza na katazo: mtu yeyote asiache dawa za kifua kikuu wala ARV kwa sababu ya makala hii.

Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, inafanya kinyume cha ketokonazoli. Inaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, na koki ya pipa inafunguka wazi. Imatinibu, dawa ya vidonge kwa aina moja ya kansa ya damu, ilijaribiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2001, na wagonjwa wa Tanzania pia wamepata kuipokea bila malipo kupitia mpango wa msaada wa kampuni inayoitengeneza. Ilipopimwa pamoja na rifampisini kwa watu wazima wenye afya, kiasi cha imatinibu kilichopatikana katika damu kilipungua kwa takribani asilimia 74. Maana yake, mgonjwa ameza vidonge 4 na mwili wake umepata kama kimoja. Hana homa, hana madhara, anajisikia vizuri, na ugonjwa unaendelea. Upungufu wa namna hii ni mgumu kuugundua kuliko sumu, kwa sababu hauumi.

Singida ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wachimbaji kila mahali wamo katika kundi linalopata kifua kikuu kuliko wengine. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kansa na kifua kikuu kwa pamoja ni mtu ambaye kamati inaweza kukutana naye. Ni lazima daktari wa kansa ajue juu ya kile kikopo cha TB, na daktari wa TB ajue juu ya kansa. Hata dozi ya rifampisini ikiisha, ini huchukua kama wiki 2 kurudi katika hali yake, na ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuambiwa asubiri kabla ya kuanzishiwa dawa ya utafiti. Tumesikia ndugu wakilalamika kwamba mgonjwa wao "anazungushwa". Mara nyingine kuzungushwa huko ndiko usalama wake.

Kwa upande wa ARV hali imekuwa nzuri zaidi kuliko zamani. Kidonge kilichoenea Tanzania tangu mwaka 2019 kina dolutegraviri, ambayo haigombani sana na dawa za kansa. Zile za zamani zilikuwa na ugomvi zaidi, hasa zenye ritonaviri, ambayo bado hutumika kwa baadhi ya wagonjwa na ambayo huziba ile koki ya vinkristini kama ketokonazoli. Katika utafiti mkubwa wa kansa ya ngozi iitwayo Kaposi kwa watu wenye virusi, uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili na kuchapishwa mwaka 2020, watafiti waliwapangia washiriki pia ARV za kutumia pamoja na dawa za kansa zilizokuwa zikilinganishwa. Ilibidi wafanye hivyo. Kama kila mtu angekuja na ARV zake, asingekuwapo wa kusema nafuu au madhara yametoka wapi.

Kwa nini dawa ya utafiti inahitaji uangalifu zaidi

Dawa iliyokaa sokoni miaka 30 imekwisha kukutana na kila aina ya dawa nyingine ndani ya kila aina ya mwili, na makosa yake yameandikwa vitabuni. Dawa ya utafiti haijakutana na kitu. Katika hatua ya kwanza hupewa watu wachache tu, wengi wao wasio na ugonjwa mwingine, ili kutafuta kipimo kinachovumilika. Watafiti wanaweza kukisia kutokana na maabara kwamba dawa itapitia kimeng'enya fulani, na wakaandika orodha ya dawa zilizokatazwa. Lakini hakuna anayejua kwa hakika itakavyofanya ikikutana na mseto wa malaria, kwa kuwa walioianza utafiti Ulaya hawana malaria. Tunalotaja hapa si la kubuni: baadhi ya dawa mpya za kansa huvuruga mapigo ya moyo, na lumefantrini iliyomo ndani ya ALU nayo inahitaji tahadhari kwa mtu anayetumia dawa za namna hiyo.

Mfano mchungu ulitokea Japani mwaka 1993. Ilitolewa sokoni dawa mpya ya mkanda wa jeshi iitwayo sorivudini. Mkanda wa jeshi huwapata sana wagonjwa wa kansa, na wengi wao walikuwa wanameza dawa za jamii ya florourasili. Ini lina kimeng'enya kimoja kinachoitoa florourasili, na sorivudini ikigeuzwa mwilini hukiua kimeng'enya hicho. Ndani ya wiki chache wagonjwa 15 walikufa. Kilichowaumiza wengi zaidi ni kujulikana baadaye kwamba vifo 3 vya namna hiyo vilikuwa vimetokea wakati dawa ikiwa bado kwenye majaribio. Dalili ilikuwapo, ila hapakuwa na aliyeunganisha dawa mbili zilizotoka kwa madaktari wawili tofauti. Dawa ile iliondolewa sokoni.

Si kila kukutana kwa dawa ni balaa, lakini. Alopurinoli, dawa wanayopewa wagonjwa wa jongo, ilitafutwa Marekani na Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, ili izuie kimeng'enya kinachoivunja dawa ya kansa ya damu iitwayo merkaptopurini. Ikaonekana pia kuwa inapunguza ile asidi inayoleta jongo. Hata leo anayetumia zote mbili lazima apunguziwe merkaptopurini hadi karibu robo ya kipimo. Na madaktari wa uvimbe wa taya humpa mtoto alopurinoli kwa makusudi siku za mwanzo, ili takataka za uvimbe unaoyeyuka zisizibe figo. Vivyo hivyo Septrin hupewa baadhi ya wagonjwa wa kansa kuwakinga na nimonia. Kwa hiyo tusiende kutangaza kanisani kwamba Septrin ni mbaya. Tunachotangaza ni kwamba anayejua mgonjwa anatumia nini na nini ndiye anayepaswa kuamua.

Tunaloziomba kamati

Siku ya safari, kabla ya mgonjwa kupanda basi, mjumbe anayemsindikiza amwombe mgonjwa au mlezi aweke kwenye mfuko mmoja kila kitu anachomeza, anachojipaka na anachokunywa. Si majina, bali vitu vyenyewe: boksi, kikopo, bahasha ya zahanati, hata kidonge kimoja kilichobaki kwenye karatasi. Majina hukosewa, tumewahi kusikia dawa ya shinikizo la damu ikielezwa kwa daktari kama "kile kidogo cheupe cha asubuhi". Mfuko huo ufunguliwe mbele ya daktari au mfamasia, kila mara, hata kama ulifunguliwa mwezi uliopita.

Dawa za miti shamba nazo ziingie mfukoni. Hatuzidharau, na vinkristini yenyewe tumeona imetoka kwenye ua. Ni kwa sababu hiyo hiyo tunasema zina nguvu, na nguvu hiyo haijapimwa pamoja na dawa za kansa. Mgonjwa hulificha jambo hili kwa kuogopa kukemewa na nesi. Msindikizaji anaweza kulisema kwa upole kwa niaba yake, baada ya kukubaliana naye. Asali ya Itigi hatuna ugomvi nayo. Lakini unga wa mizizi uliokorogwa ndani ya asali si asali tena. Balungi pia litajwe: lina kitu kinachozuia kimeng'enya cha utumbo na ini, na wanaotumia imatinibu huambiwa waliepuke.

Sasa tunagusa jambo gumu. Mfuko ule unafichua siri. Mjumbe akikiona kikopo cha ARV, amejua habari ambayo pengine mume wa mgonjwa haijui. Wapo wagonjwa ambao wanakubali kuingia kwenye utafiti huku wakificha ARV kwa sababu msindikizaji ni mtu wa jumuiya yao. Kuficha huko kunaweza kuwaua. Kwa hiyo tunapendekeza, na tunaomba kamati zijadili, kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye afunge mfuko, na msindikizaji asiufungue wala asiingie chumba cha daktari isipokuwa ameombwa. Mgonjwa aambiwe kabla ya safari kwamba atakuwa na dakika za faragha. Taarifa ya kamati kwa parokia iandike nauli na tarehe tu. Mahali ambapo hili haliwezekani kwa kuwa kamati imejaa ndugu wa mgonjwa, basi asindikizwe na mtu wa kigango kingine.

Kuhusu utafiti wenyewe, kamati ijue kwamba jaribio la dawa halali Tanzania huwa na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba pamoja na kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mgonjwa husaini fomu ya ridhaa na kupewa nakala yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, na kama Kiswahili kinamshinda, aelezwe kwa Kinyaturu, Kinyiramba au lugha anayoielewa. Katika fomu hiyo aulizie mambo mawili kwa jina: ni dawa gani asizimeze, na namba gani apige usiku akipata homa. Ana haki ya kukataa na ana haki ya kujitoa, na tiba yake ya kawaida haitakiwi kukatwa kwa sababu hiyo.

Homa ndiyo tunaisisitiza kuliko yote. Kwa mgonjwa aliyechomwa dawa ya kansa ndani ya wiki 2 hivi zilizopita, homa inaweza kuwa dalili pekee kwamba kinga imeshuka na maambukizi yameingia kwenye damu. Panadol au diklofenaki itaishusha homa, watu watalala, na asubuhi mgonjwa atakuwa mahututi. Fedha za kamati siku hiyo zisinunue dawa. Ziende kwenye usafiri wa kwenda hospitali iliyo karibu yenye uwezo wa kupima wingi wa damu, iwe ya mkoa, Makiungu, Itigi au Iambi, na simu ipigwe kwa waliompa dawa.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa dhati. Baadhi yenu mmeuliza kama mnaweza kutuma maboksi ya dawa za maumivu na za kuua vijidudu kwa ajili ya wagonjwa wa kansa vijijini. Tunaomba msifanye hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa tangu mwaka 1996, ukisema dawa zitumwe kwa kadiri ya mahitaji yaliyotajwa na mpokeaji, na kwa makala hii tunadhani mnaona sababu moja zaidi: dawa nyingi kwenye kabati la parokia, bila mfamasia, ni koki nyingi zinazozibwa na kufunguliwa gizani.

Kinachokosekana ni vitu vidogo. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji kwenda na kurudi kwa tarehe iliyopangwa. Muda wa maongezi wa simu ili mhudumu wa zahanati aweze kumpigia mfamasia wa Ocean Road kabla ya kuandika dawa yoyote. Gharama ya kipimo cha damu kati ya sindano moja na nyingine. Na nakala za kadi ya utafiti: moja ibaki kwa mgonjwa, nyingine zahanati ya kijiji, na ya tatu, mgonjwa akiridhia, kwa mwenye duka la dawa muhimu, kwa sababu yeye ndiye atakayegongewa mlango saa 3 usiku na kuombwa Septrin.